Buibui, Ua na Nondo: Mwongozo Kamili wa Kufasiri Shairi la Robert Frost kuhusu Sadfa na Mpango wa Mungu

Shairi lenyewe lina mistari 14 tu, na kisa chake unaweza kumsimulia mtu mkiwa mnangoja daladala. Mtu katoka asubuhi, kamwona buibui mweupe aliyenona, kakaa juu ya ua jeupe, kamshika nondo mweupe aliyekwisha kufa. Basi. Anauliza maswali matatu, anatia neno moja la mashaka, shairi limekwisha. Linaitwa "Design", la Mmarekani Robert Frost, na kila ninapolipeleka darasani mambo huwa yaleyale: dakika ya kumi haijafika, upande mmoja umeshaamua kwamba mshairi haamini Mungu, upande wa pili umeshaamua kwamba anasifu kazi ya Muumba, na hakuna hata mmoja aliyemtazama buibui.

Mwongozo huu unaanza na buibui. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi anayejiandaa na insha, mwalimu anayetafuta pa kuanzia, na yeyote anayependa ushairi ila Kiingereza cha mashairi kinamchosha. Tafuta nakala ya shairi uiweke kando yako. Lilichapishwa mara ya kwanza 1922, na kulipata si shida. Shika na penseli.

Hatua ya 1: Lisome kwa sauti, kamusi ikae mbali

Soma mara mbili kwa sauti ya kusikika, hata kama maneno mengine huyajui. Maana iache kwanza. Sikiliza miisho ya mistari tu, kama unavyosikiliza shairi la Kiswahili likighaniwa, pale sikio linapokidaka kina kabla akili haijayafikia maneno.

Utausikia mlio wa "-ait" ukija na kurudi. Mistari 7 kati ya 14 inaishia nao, likiwemo neno la weupe, la usiku na la kishada. Miisho iliyobaki ni ya aina mbili tu. Kwa hiyo shairi zima linakwenda kwa vina vitatu. Kwetu hilo halishangazi, maana shairi la mtiririko hubeba vina vyake viwili tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini sisi maneno yetu huishia irabu, vina tumejaliwa tele. Kiingereza hakina ukarimu huo. Mshairi wa Kiingereza anayejibana kwenye vina vitatu kwa mistari 14 amekaa akapima, akakata, akapima tena.

Andika pembeni ya karatasi: hapa pana fundi. Liache hapo, tutalirudia.

Hatua ya 2: Andika kilichoonekana, kwa Kiswahili cha kawaida

Sasa fungua kamusi. Ligeuze shairi kuwa maelezo ya nathari, bila mapambo na bila kufasiri. Langu liko hivi:

Nilimkuta buibui mweupe aliyenona, ana vishimo kama vya mashavuni, juu ya ponya-yote nyeupe, amemwinua nondo aliye kama kipande cheupe cha satini iliyokakamaa. Wahusika wa kila namna wa kifo na mnyauko, wamechanganywa tayari kuianza asubuhi vizuri, kama viungo vya mchuzi wa wachawi: buibui mfano wa ua la snowdrop, ua mfano wa povu, na mbawa zilizokufa zikibebwa kama kishada cha karatasi. Ua lile lilikuwa na haja gani ya kuwa jeupe, ilhali ponya-yote ya kando ya njia ni ya buluu na haina hatia? Nini kilimleta buibui, ndugu yake, hadi kimo kile, kisha kikamwelekeza nondo mweupe hukohuko usiku? Nini kama si mpango wa giza wa kutisha? Ikiwa mpango hutawala katika kitu kidogo namna hii.

Ponya-yote ni tafsiri yangu ya jina la mmea wa kweli, Prunella vulgaris, wa jamii moja na mnanaa na mrehani. Huota kando ya njia Ulaya na Amerika ya Kaskazini, na watu wa zamani waliutumia kutibu vidonda na koo, ndipo jina lilipotoka. Ua lake huwa la zambarau au buluu. Jeupe hutokea, ila kwa nadra. Msomaji wa New Hampshire, jimbo la Marekani alikoishi Frost, akiona "ponya-yote nyeupe" anasita, kama ambavyo wewe ungesita ukiambiwa asumini nyekundu. Usipolijua hili, swali la mstari wa 9 utaliona la kipuuzi.

Snowdrop nalo ni ua dogo jeupe la Ulaya linalochanua baridi ikielekea kwisha. Si tone la theluji. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika "buibui wa tone la theluji", nikajenga aya nzima juu ya ubaridi na kuyeyuka. Aya tamu kweli. Ilikatwa yote kwa kalamu nyekundu.

Na buibui? Frost hamtaji kwa jina, lakini sura inalingana na wale buibui-kaa wasiotega utando, wanaojibanza juu ya ua na kumwotea mdudu anayekuja kwa ajili ya utamu. Mmoja wao, Misumena vatia, anaishi Amerika ya Kaskazini, na jike lake huweza kugeuka kutoka weupe kwenda umanjano na kurudi, kulingana na ua alilokalia. Kugeuka huko humchukua siku kadhaa.

Nilikuwa nimelifundisha shairi hili miaka kadhaa kabla ya kumwona mwenyewe ndugu yake wa huku kwetu. Nilikuwa Tanga, uani, nachuma asumini. Nyuki mmoja alikuwa amening'inia kichwa chini kwenye ua, na nikashangaa kwamba hakuruka mkono wangu uliposogea. Nikainama. Chini ya nyuki palikuwa na kitu ambacho nilidhani ni petali iliyojikunja, mpaka petali ikajivuta upande. Miguu ya mbele mirefu, imetanuliwa kama gando za kaa, mwili mweupe wa kung'aa, tumbo limejaa. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa "Mungu fundi." La pili lilikuwa la nyuki. Shairi la Frost linakaa katikati ya mawazo hayo mawili, na ukiweza kulisoma bila kulikimbia hata moja, umeshafika mbali.

Hatua ya 3: Onja kila tashbihi mara mbili

Hapa ndipo pa kukawia. Kila tashbihi ya beti ile ya kwanza ya mistari 8 ina utamu juu na sumu chini.

Anza na vishimo vya mashavuni. Tunavisema kwa nani? Kwa mtoto mchanga, kwa mwali anayecheka. Mnene, mweupe, ana vishimo: mistari ingeweza kuwa ya kitoto cha miezi minne. Neno la kwanza la kumsifia ndilo la kumsifia muuaji.

Satini. Kwao ni kitambaa cha gauni la harusi, na pia ndicho wanachotandika ndani ya jeneza. Frost anakiongezea sifa ya kukakamaa, na kinachokakamaa ni maiti. Msomaji wa pwani hapa ana njia yake ya mkato: kitambaa cheupe na kifo kwetu ni sanda, picha inakuja bila kuitwa. Ruhusu ije, lakini kumbuka kwamba sanda yetu ni bafta, kitambaa cha unyenyekevu, hakuna anayekionea fahari. Satini ni ya kujionyesha. Kuna sherehe fulani katika kifo hiki cha nondo ambayo bafta haina.

Kisha unakuja mstari wa 5, ule wa kuianza asubuhi vizuri. Usome kwa sauti ya mtangazaji wa redio anayenadi uji wa lishe. Ndivyo unavyosikika: changamko la kifungua kinywa, na mstari unaofuata ni mchuzi wa wachawi, ule tunaoujua tangu Macbeth ya Shakespeare. Isitoshe, neno la Kiingereza "right" linasikika sawasawa na "rite", yaani ibada au kafara. Sikio linapata kifungua kinywa na tambiko kwa wakati mmoja.

Mwisho kishada. Mtoto anarusha kishada. Ni mchezo, ni upepo, ni Jumamosi. Hapa kishada ni mbawa za aliyekufa, na anayekishika ni yule mwenye vishimo mashavuni.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama mshairi anafanya mzaha. Ndiyo, anafanya. Mzaha wa aina hii ndio unaotisha, na usipousikia utaliandikia shairi insha ya tanzia wakati lenyewe linatabasamu.

Hatua ya 4: Angalia alichokifuta

Si mara nyingi tunapata rasimu ya shairi, kwa hiyo itumie. Januari 1912 Frost alikuwa akifundisha Plymouth, New Hampshire, na hajachapisha kitabu hata kimoja. Alimpelekea Susan Hayes Ward, mhariri wa gazeti lililotoa shairi la Frost 1894, soneti (shairi la mistari 14) yenye buibui huyuhuyu. Iliitwa "In White", yaani katika weupe.

Rasimu hiyo haianzi na "mimi". Buibui anatajwa tu, kama kwenye picha ukutani. Miaka 10 baadaye shairi linaanza na mtu: nilimkuta. Hapo ndipo nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya shairi, inapoingia tangu mstari wa kwanza, na usiichanganye na Frost mwenyewe, mwalimu na mkulima mwenye anwani ya posta. Nafsineni ni mtu aliyekuta kitu njiani na sasa anasumbuka nacho. Neno "nilimkuta" lenyewe lina mashaka ndani yake: alimkuta kwa bahati, au alikuwa amewekewa amkute?

Rasimu ilikuwa pia na mstari ndani ya mabano uliowaasa wasomaji wasijenge hoja kubwa kutokana na masaibu ya nondo. Umefutwa. Sasa hakuna wa kukuzuia, na wengi tunatumbukia. Na mstari wa mwisho ulikuwa swali: mshairi alijiuliza kama analitumia neno lile la mpango kwa usahihi. Hilo lilikuwa swali la mtu wa kamusi. Toleo la mwisho halina shaka na neno. Lina shaka na ulimwengu.

Hatua ya 5: Simama kwenye mstari wa 9

Soneti ya aina hii ina sehemu mbili: mistari 8, kisha 6. Kati yake pana mgeuko, sawa na pale shairi letu la majibizano linapobadilisha msemaji. Mistari 8 inaonyesha. Mistari 6 inauliza. Hesabu alama za kuuliza: 3. Hesabu majibu: hakuna.

Sasa chukua maswali hayo na uyajaribu kwa Kiswahili, maana lugha yetu itakulazimisha kuona jambo ambalo Kiingereza kinaliruhusu lipite. Frost anauliza "nini", haulizi "nani". Nini kilimleta buibui. Nini kilimwelekeza nondo. Lakini vitenzi vyake ni vya mtu: kuleta, na kingine ambacho hasa ni kushika usukani. Nini kinaweza kushika usukani? Kwa Kiswahili unapaswa kuchagua ngeli, ki- au a-, na ukiandika "nani alimleta" umeshajibu swali kabla hujaliuliza. Baki na "nini". Uache ukakasi wa "nini" chenye mikono.

Usiruke maelezo ya kisayansi hapa, kwa hofu kwamba yatalichafua shairi. Yapitishe swali kwa swali. Buibui mweupe juu ya ua jeupe? Hakuna muujiza: anayejificha vizuri ndiye anayekula, na anayekula ndiye anayezaa. Nondo usiku kwenye ua jeupe? Maua meupe huonekana gizani kuliko ya buluu. Ua lenyewe kuwa jeupe? Hitilafu ya urithi, hutokea. Kila kimoja kina sababu yake. Kinachobaki bila sababu ni kukutana kwao: ua hilo, usiku huo, nondo huyo, na mtu aliyepita asubuhi hiyo. Hiyo ndiyo sadfa, na ndiyo nafsineni inayoikodolea macho.

Hatua ya 6: Toka nje ya shairi kidogo, kisha urudi

Neno "design" halikuwa neno la fundi seremala tu kwa wasomi wa zama zile. Lilikuwa na kesi nyuma yake. 1802 kasisi wa Kiingereza William Paley alitoa mfano ambao bado unazunguka: ukipita nyikani ukakuta saa chini, hutasema ilijitokeza tu, utasema yuko aliyeitengeneza. Na jicho, bawa, kiungo cha mguu ni kazi ya ufundi kuliko saa. Kwa hiyo yuko Fundi. Angalia jinsi Frost anavyoichukua hoja hiyo kwa miguu yake yote: mtu anatembea, anakuta kitu, kimepangika mno kuwa cha bahati. Ila alichokikuta si saa. Ni mauaji.

Charles Darwin, aliyetoa kitabu chake cha asili ya viumbe 1859, alimwandikia mwanabotania wa Harvard, Asa Gray, Mei 1860. Alimweleza kwamba haoni jinsi Mungu mwema angewaumba kwa kusudi nyigu wale ambao mabuu yao hula viwavi wakiwa hai. Lakini hakuishia hapo, na hili watu husahau kulitaja. Alisema pia kwamba hawezi kuridhika kuuona ulimwengu wote kuwa kazi ya nguvu butu tu, na kwamba anaelekea kuona sheria zimepangwa, ila mambo madogo madogo, mazuri kwa mabaya, yameachiwa kile tunachokiita bahati. Rudi kwenye mstari wa 14 ukiwa na maneno hayo, uone "kitu kidogo namna hii" kinavyobadilika uzito.

Wa tatu ni William James, mwanafalsafa wa Harvard, chuo alichosoma Frost kati ya 1897 na 1899. Katika mihadhara yake iliyochapishwa 1907 James anamtaja kigong'ota, ndege anayetoboa mti kuwatoa funza chini ya gome. Jinsi alivyoumbwa kwa kazi hiyo ni ajabu. Lakini muulize funza, asema James, naye atakwambia kwamba aliyempanga ndege huyo ni shetani. Frost amefanya jambo hilohilo, ila amemweka nondo mahali pa funza.

Aya tatu zinatosha. Nimesoma insha zenye kurasa nne za Darwin na sentensi mbili za shairi, na sikuzipa alama nyingi.

Hatua ya 7: Kagua mizigo uliyokuja nayo

Hakuna anayelisoma shairi hili akiwa mtupu. Mimi nimekulia kwenye hadithi ya buibui wa pango la Thaur, aliyetanda utando mlangoni Mtume akasalimika. Kwangu buibui alikuwa mlinzi muda mrefu kabla ya kuwa mwindaji. Mkristo atakuja na mashomoro wa Injili ya Mathayo, ambao hata mmoja haanguki bila Baba. Mwislamu atakuja na aya ya 59 ya Suratul An'am, kwamba halianguki jani ila Mwenyezi Mungu analijua. Hayo usiyafiche. Yaandike pembeni, halafu yalinganishe na shairi kwa usahihi: aya inasema *analijua*, shairi linauliza kama mpango *unatawala*. Kujua na kutawala ni vitenzi viwili, na wanazuoni wamekesha karne nyingi kati yake.

Lugha yenyewe ni mzigo, mzuri. Tunasema ajali tukimaanisha jambo lililotokea bila mtu kukusudia. Lakini asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufa iliyokwisha andikwa. Nasibu tunaitumia kwa bahati tupu, hata mchezo wa kubahatisha tumeuita bahati nasibu. Asili yake ni fungu, sehemu uliyokatiwa. Maneno yetu ya kusema hakuna mpango yamechongwa kutokana na maneno ya mpango. Kwa hiyo mtafsiri anayetaka kusema "haikupangwa, ilitokea tu" hana budi kuangalia asilete kwa mlango wa nyuma alichokitoa kwa mlango wa mbele. Mimi hutumia sadfa, ambayo haina deni hilo.

Na mzigo wa tatu ni wa darasani. Tumefundishwa kuuliza kila shairi lina ujumbe gani, na mashairi yetu mengi makuu hujibu bila kusita. Katika Al-Inkishafi, mende wanavuma ndani ya nyumba za Pate zilizoachwa, na ng'ende wanalia kumbini, na wadudu hao wanasema jambo moja waziwazi: dunia haidumu. Pale mdudu ni mazingatio. Kwa Frost mdudu ni swali, na ukimlazimisha awe mazingatio utamvunja miguu.

Hatua ya 8: Mistari miwili ya mwisho, neno kwa neno

Mpango wa giza. Kiunganishi chetu -a kinafanya kazi nzuri hapa kuliko maelezo marefu, maana kinaacha wazi kama giza ndilo linalopanga, au mpango wenyewe ndio mweusi, au ni mpango ambao hatuuoni kwa sababu ya giza. Iache hivyohivyo. Jihadhari tu na neno mpango. "Design" ya Kiingereza ina usanifu ndani yake, ina kusudi, na ina njama. Ukiandika njama, umemhukumu mtuhumiwa. Ukiandika usanifu, umemsifu. Mpango halina makali ya kutosha, lakini halijachagua upande, na ndiyo maana nimelishika.

Kitenzi cha kutisha kule ni "appall". Asili yake ni kumfanya mtu apauke, awe mweupe kwa hofu. Ndani yake pia linasikika "pall", kitambaa kinachofunika jeneza, na hapo satini ya mstari wa 3 inarudi. Sasa shairi lenye neno la weupe mara 5 linamalizia kwa giza linalotufanya sisi tuwe weupe. Mweupe wa nne katika picha, baada ya buibui, ua na nondo, ni wewe.

Kisha kistari kirefu, na mstari wa 14. Ijaribu tafsiri yake kwa njia tatu na uandike kila moja inafanya nini:

Ikiwa mpango hutawala katika kitu kidogo namna hii.
Kama mpango ungetawala katika kitu kidogo namna hii.
Kwa kuwa mpango hutawala hata katika kitu kidogo namna hii.

Ya pili, kwa -nge-, inadokeza kwamba hautawali. Ya tatu inadai unatawala. Ya kwanza pekee ndiyo haijui. Kitenzi cha Frost kimewekwa kwenye hali ya dhana, wala si hali ya kukanusha, kwa hiyo nashika ya kwanza. Tazama na alama ya mwisho: baada ya maswali matatu, mstari huu unaishia kwa nukta. Mashaka yamesemwa kwa sauti ya mtu anayefunga hesabu.

"Ikiwa" hiyo inafungua milango, na hakuna mlango mtamu. Ikiwa mpango unatawala vitu vidogo, basi mauaji haya yalipangwa, na mpangaji wake anatisha. Ikiwa hautawali vidogo, labda unatawala vikubwa tu, kama alivyoelekea Darwin. Lakini nani anaonyesha mpaka ambapo kidogo kinakwisha? Nondo ni kidogo. Mtoto mchanga je? Na ikiwa hautawali popote, basi weupe ule wa vitu vitatu ulikuwa sadfa, na mchoro wote umeuchora wewe kichwani kwa sababu macho ya binadamu hayawezi kuona vitu vitatu vya rangi moja bila kuviunganisha.

Sasa chukua lile neno uliloliandika pembeni katika Hatua ya 1. Hapa pana fundi. Kuna kitu kimoja kidogo ambacho tuna hakika kimetawaliwa na mpango mpaka kwenye silabi: soneti hii. Vina vitatu, mgeuko mahali pake, neno la weupe limepangwa kama shanga. Aliyelifanya ua kuwa jeupe, kwa kadiri tunavyoweza kuthibitisha, ni Frost. Aliyemwelekeza nondo ni Frost. Wengine wanaona hapo ushahidi kwamba mpango upo, kwa kuwa hata shaka imehitaji mpangaji. Wengine wanaona kinyume, kwamba mpango ni kitu ambacho binadamu huongeza baadaye, mezani, kwa kalamu. Mimi huegemea upande wa pili nikiwa mezani, na wa kwanza nikiwa uani na asumini mkononi.

Hatua ya 9: Kuandika insha

Anza na kitu, usianze na Mungu. Sentensi ya kwanza ya insha iwe na buibui, ua au nondo ndani yake. Kila dai lifuatwe na neno la shairi ndani ya mistari miwili. Sayansi aya moja, historia aya moja, imani yako sentensi moja iliyosemwa wazi kwamba ni yako. Andika "nafsineni" pale unapozungumzia anayeuliza, na "Frost" pale unapozungumzia aliyechagua maneno. Ukiyachanganya haya, insha nzima inayumba.

Tatizo huja pale swali la mtihani linapodai msimamo: je, mshairi anaamini kuna kusudi la Mungu katika maumbile? Usijibu ndiyo wala siyo, na usijibu "haijulikani", maana hilo ni jibu la mvivu na msahihishaji analijua. Jibu kwa kuonyesha shaka ilivyojengwa. Kwa mfano: "Kwa mistari 8 nafsineni inakusanya ushahidi wa mpango, na kwa maswali matatu inatusogeza kwenye mpango ulio mwovu, lakini mstari wa 14 unaurudisha ushahidi wote mezani kwa neno moja, ikiwa, na kuufunga kwa nukta badala ya alama ya kuuliza." Kisha onyesha nukta hiyo, na uweke kalamu chini.